Usimlaze mama chali ndani ya Noah

Msimlaze mama yenu chali, ndugu. Umeandika kwamba ana kilo zaidi ya 130, anaishi ghorofa ya tatu Kariakoo, usiku hubanwa na pumzi, na kwamba ikitokea tena mtakunja viti vya gari aina ya Noah, mtandike godoro na kumnyoosha, miguu juu ya mto. Ndivyo tulivyomsafirisha baba mkwe wangu kutoka Tabata, tena kwa ushauri.

Mshauri alikuwa muuza duka la dawa wa mtaani, ambaye koti lake jeupe lilitutosha kumwita daktari. Alimpima presha kwa mkanda uliokuwa haufungi vizuri mkononi, akatangaza namba ya kutisha (mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli), kisha akaagiza alazwe chali na kuinuliwa miguu ili damu irudi kichwani. Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinamia mbele, mikono magotini, na kila tulipomlaza alipigania kuinuka. Tukamwona mbishi, tukamshika mabega. Kabla ya Buguruni midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya samawati, na aliponyamaza nilishukuru kwamba hatimaye amepata usingizi. Haukuwa usingizi: hewa chafu aliyoshindwa kuitoa ilikuwa imemlevya. Muuguzi wa dharura, kabla ya kuuliza jina wala bima, alimwinua mgongo na kumwekea oksijeni. Mzee alipona baada ya kukaa chumba cha wagonjwa mahututi, na muuza dawa alikuja kumjulia hali akijisifu kwamba ushauri wake ndio uliomfikisha hospitali.

Mtu mnene akilala chali, uzito wa tumbo husukuma kiwambo (msuli wa kupumulia ulio kati ya tumbo na kifua) kuelekea kifuani na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Akiba yake ya hewa ni ndogo ilhali mwili wake unatumia oksijeni nyingi, kwa hiyo huishiwa upesi kuliko mwembamba. Msidhani namcheka mtu. Ukoo wetu ni wa miraba minne, na mimi mwenyewe nikipanda bajaji huinama upande wangu.

Basi mama akae. Akichoka kukaa, mwegemezeni kwa mito inayoanzia mgongoni, ipande mabegani hadi kichwani, mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na sehemu ya juu ya mfupa wa kifua. Mto mmoja chini ya kichwa peke yake hukunja shingo na kubana njia ya hewa. Akipoteza fahamu lakini anapumua, mgeuzeni ubavu. Asipopumua, au akihema kwa kukatakata tu, hapo ndipo alazwe chali sakafuni, mkandamize katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuogopa unene wake.

Ngazini ashushwe kwenye kiti imara chenye mgongo, wala asitembee, maana kutembea kutammalizia pumzi iliyobaki. Ukipiga simu ya gari la wagonjwa, taja uzito wake na ghorofa tangu mwanzo, kwa sababu machela zina kikomo cha uzito na watu wawili hawatamshusha salama. Na yule anayelala naye chumba kimoja aonyeshwe leo namna ya kuipanga hiyo mito, kabla usiku haujaingia.