Balo zilizoachwa Luano

SWALI: Papa, salamu. Ninauza vitenge, ninavipeleka Kinshasa kwa ndege. Mwezi wa kumi, safari ya mchana, kampuni iliacha balo zangu hapa uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, eti joto limefika 33. Kumbe huko juu rubani anatangaza: tuko futi 35,000, nje ni 54 chini ya sifuri! Joto gani linazuia vitenge na sisi tunaenda kwenye barafu? Na kwa nini urefu autaje kwa futi, joto kwa selsiasi?
Mama F., Kamalondo

JIBU: Mama F., pole kwa balo. Nianze na hizo futi, maana ni fupi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapenda mita, lakini linaruhusu futi. Zimedumu kwa sababu ndege zinapishana juu na chini kwa futi 1,000, namba isiyochanganya redioni. Wachina wao wanatumia mita. Joto halina ubishi: hata Wamarekani, ambao nyumbani ni Farenhaiti tu, ripoti za viwanja vyao zimekuwa za selsiasi tangu 1996. Ila kanieneo ya hewa bado wanaipima kwa inchi za zebaki, wakaidi hao.

Sasa hiyo 33. Nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa Luano. Kila saa nilitoka kusoma kipimajoto ndani ya kasha jeupe, kivulini. Ujue basi kwamba lami ya kurukia ilikuwa kali kuliko 33.

Baridi ya juu haina neno. Kazi iko kwenye kuondoka ardhini. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Bawa linakosa cha kuegemea, injini nayo inapungukiwa nguvu. Luano kwenyewe ni karibu futi 4,300 juu ya bahari. Marubani wanahesabu kwamba joto la kawaida ni digrii 15 usawa wa bahari, wakitoa kama mbili kila futi 1,000 kwenda juu, kwa hiyo kwa hesabu yao hapa kwetu ni 6 au 7. Kila digrii inayozidi hapo ni kama kuupandisha uwanja futi 120. Ikifika 33, ndege inaruka kana kwamba iko futi 7,500 hivi. Alfajiri ya digrii 18, haifiki 6,000.

Jedwali la uzito, lile linaloonyesha ndege iruke na mzigo kiasi gani kwa joto hilo, likikataa, kitu lazima kishuke, na balo hazigombi kama abiria. Kwa hiyo mwezi wa kumi peleka mzigo kwa safari ya asubuhi, mimi mwenyewe ndiyo ninayoichagua. Lakini wakikutajia joto asubuhi ya mwezi wa sita, Lubumbashi nzima ikiwa ndani ya makoti, hapo Mama, gomba.