Deni la HELB la tangu chuoni: faini imelipita deni, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo wa HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hapa Kenya, nikamaliza zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kazi ya kuajiriwa sikuipata, nikaanza biashara ya simu hapa Mombasa, na mkopo nikaupa mgongo. Sasa faini imeupita mkopo wenyewe, jina langu liko CRB, wanakoandikwa wasiolipa madeni, na hata benki ya Kiislamu imekataa kunifadhili. Marehemu baba ndiye aliyenitilia saini ya udhamini. Wenzangu wananiambia hizo ni pesa za serikali, kodi zetu wenyewe, tena zina riba, kwa hivyo hazilipwi. Nimeweka akiba ya kwenda umra. Nifanyeje?

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Allah amrehemu mzee wako na akufungulie njia.

Nianze na maneno ya wenzako, maana ndiyo yanayowaponza wengi. Pesa za serikali ni mali ya umma, na mali ya umma ina wenyewe wengi. Ukimdhulumu mtu mmoja utamtafuta umwombe radhi. Umma mzima utauombea wapi? Tena dhana hiyo ni kongwe. Mpango wa mikopo ya vyuo vikuu ulioanza Kenya mwaka 1974 ulikwama katika kukusanya madeni, na sababu moja ni kwamba watu walizichukulia pesa zile kuwa za bwerere. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1995 iliyounda Bodi hii. Na kinachorudishwa na mkopaji wa zamani ndicho anachokopeshwa mwanafunzi wa leo. Binti wa Kwale au Lamu aliyepata nafasi chuoni mwaka huu ana haki katika pesa zilizo mikononi mwako.

Ama riba, wanasema kweli kwamba ipo. Mkopo huo una asilimia 4 kwa mwaka, na nyongeza iliyoshartishwa juu ya mkopo ni riba, iwe ndogo iwe kubwa. Kwa kuingia mkataba huo leta istighfari, na Allah ni Mwingi wa kusamehe. Lakini wasome aya mpaka mwisho. Pale pale Allah alipotangaza vita na wala riba, alisema kwamba wakitubu, rasilimali zao ni haki yao, wasidhulumu wala wasidhulumiwe (Al-Baqara 2:279). Aya inayobatilisha nyongeza ndiyo inayothibitisha asili ya deni. Anayeishika nusu yake ya kwanza ili aikimbie ya pili ameichezea dini yake. Shilingi ulizopokea kwa karo na matumizi ni deni shingoni mwako, mbele ya Allah kabla ya mbele ya Bodi.

Sasa faini ya kuchelewa kulipa. Shilingi 5,000 kila mwezi ni 60,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wengi wa rika lako hawakukopeshwa kwa mwaka mzima wa masomo. Huu ni mzigo mzito, na sitaki uone kwamba dini haiuoni. Waarabu wa zama za ujahiliya, deni likifika muda wake, walikuwa wakimwambia mdaiwa: lipa au uongeze. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, baraza la wanazuoni lililoko Jeddah, ilipotazama mauzo ya awamu mwaka 1990, ilikata kwamba mdaiwa akichelewa haifai kumtoza ziada yoyote, hata kama alikubali sharti hilo tangu mwanzo, kwa sababu hiyo ni riba. Na katika uamuzi huo huo ikasema kwamba mwenye uwezo anayechelewesha kulipa anafanya haramu. Yachukue yote mawili. Mtume (s.a.w.) amesema kuchelewesha kwa mwenye nacho ni dhuluma, na wewe mwenye duka na akiba ya safari huwezi kujihesabu miongoni mwa wasio nacho. Miaka ile ya mwanzo, ulipokuwa huna kitu, ulikuwa na udhuru, na Qur'ani imeamrisha mwenye dhiki apewe muhula. Udhuru huo ulikwisha siku duka liliposimama.

Basi nenda kwao. Najua aibu na khofu ndizo zinazomzuia mtu, anaona akijitokeza atakamatwa. Tazama kisa cha sahaba Ka'b bin Malik (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa akimdai Ibn Abi Hadrad, wakabishana msikitini mpaka sauti zikapanda, Mtume (s.a.w.) akazisikia akiwa chumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Ka'b apunguze nusu ya deni. Ka'b akasema, nimekwisha fanya, ewe Mtume wa Allah. Hapo akamgeukia mdaiwa: simama umlipe. Mdai amelegeza, mdaiwa ametoa. Hayo hayapatikani ukijificha.

Pita kwenye dawati la HELB katika Huduma Centre, uombe taarifa ya deni inayoonyesha asili peke yake, riba peke yake na faini peke yake. Kisha omba, kwa maandishi, usamehewe faini. Bodi imewahi zaidi ya mara moja kutangaza msamaha wa faini kwa wanaomaliza deni, kwa hivyo hili si ombi la ajabu. Wakikubali, toa ulichonacho. Wakikataa, panga nao mafungu unayoyamudu, na unapolipa nuia kwanza asili ya deni. Kile cha ziada utakacholazimishwa, huku moyo wako ukikichukia, dhambi yake iko kwa aliyekulazimisha, wala usikifanye kisingizio cha kuacha lililo wajibu. Na ukikutana na mtu anayedai ataliondoa jina lako CRB kwa kitu kidogo, huyo anakuuzia rushwa juu ya deni.

Umra na isubiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, uwezo wa hija na umra huhesabiwa baada ya kutoa madeni na matumizi ya watu wako, na deni lako wewe limekwisha pitisha muda. Akiba hiyo ndiyo mkupuo wa kwanza wa HELB.

Kuhusu mzee wako, sisemi kwamba anaadhibiwa; hilo ni la Allah, na deni la asili ni lako wewe uliye hai. Ila dhamana ni jambo zito. Mtume (s.a.w.) aliacha kumswalia maiti aliyekuwa na deni la dinari mbili mpaka sahaba Abu Qatada akalibeba, na alipoambiwa kwamba limelipwa, alisema: sasa ndipo ngozi yake imepoa. Kila unapolipa, nuia kumtua baba yako mzigo aliouchukua kwa kukupenda.

Msomaji mwingine mwenye deni kama hili, na hana kazi wala mali ya kulipa, huyo ni katika wenye madeni waliotajwa kwenye aya ya zaka (At-Tawba 9:60), na jamaa zake wanaweza kumpa zaka yao alipe asili ya deni. Wewe humo huingii.

Mwisho, andika wasia leo. Taja kiasi kilichobaki, umwonyeshe mkeo au nduguyo zilipo risiti za malipo, na ukimaliza chukua cheti cha Bodi ukiweke pamoja nazo, warithi wako wasije wakadaiwa kilicholipwa.

Wallaahu a'lam.