Re: Kiduara cha bluu karibu na fyuzi ni nini?

Mkuu, hicho kiduara cha bluu ulichokikuta kwenye pawa saplai ya mashine ya kiwandani sio kapasita, wengi wanadanganyika hapo, ni varista, kile kifaa kinacholinda mashine umeme ukipanda ghafla. Soma maandishi yake, 14D471K: 14 ni upana kwa milimita, 471 ni 47 na sifuri moja mbele yaani volti 470, K ni asilimia 10 juu au chini. Kile cheusi pembeni, 5D-11, ni themista, ukinzani wake ni om 5 ikiwa baridi, inazuia umeme usiingie kwa kishindo ukiwasha. Ila kabla hujagusa chochote yale makopo ya volti 400, yaani kapasita kubwa zinazotunza chaji, yapime kwanza na mita, mi yalishanipiga mashine imechomolewa kitambo tu, toa chaji kwa balbu ya wati 60 sio bisibisi aisee.