Maswali na majibu: Kampuni ipi ya kuuzia bima ya maisha?

Vijana waliomaliza vyuo hapa Mwanza wananiuliza sana kuhusu uwakala wa bima ya maisha. Wiki hii najibu maswali machache yanayogusa jambo moja: utamjuaje mwajiri wa haki.

Shikamoo dada. Nimeitwa kwenye usaili Nyegezi. Tangazo linasema ajira, lakini wanataka nilipie mafunzo na niorodheshe ndugu na marafiki mia moja. Niende? (Kijana, Igoma)

Marahaba. Nenda, ila usitoe hata shilingi siku hiyo. Omba mkataba ukausome nyumbani. Mawakala wengi hulipwa kamisheni tu, hawana mshahara wala michango ya NSSF kutoka kwa kampuni. Wakikueleza hivyo waziwazi, sawa; kuiita ajira ni kukudanganya kabla hata hujaanza. Orodha ya ndugu ndiyo inayonitia shaka zaidi. Shangazi na wajomba wakiisha, wewe nawe utaondoka, na bima zao zitabaki bila wa kuzifuatilia. Omba namba za mawakala wawili walioanza miaka miwili iliyopita. Pita pia ofisi ya Kanda ya Ziwa ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ipo hapahapa mjini, uulize kama kampuni imesajiliwa na leseni yako ya uwakala itapatikanaje.

Dada, mimi ni wakala tayari. Meneja anataka tuwauzie akina mama wa dagaa pale Mwaloni bima ya akiba (bima ya maisha inayomwekea mteja fedha) ya miaka kumi, malipo kila tarehe tano. Wengi wanaishia njiani. Anasema tusijali, wapya wapo. (Msomaji, Kirumba)

Jali, mdogo wangu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika, chanja zinabaki tupu na fedha inakata. Sasa tarehe tano ikiangukia kwenye mbalamwezi, mama huyo atalipa na nini? Kwa bima nyingi za akiba, anayeacha ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili hurudishiwa kidogo mno au hapati kitu, kwa sababu fedha za mwanzo ndizo zinazobeba kamisheni na gharama za kufungua mkataba. Hapo wewe umelipwa, meneja amefikisha lengo, na jasho la mama limekwenda.

Kwa hiyo popote unapoomba kazi, uliza: kati ya wateja wa mwaka jana, wangapi bado wanalipa? Kampuni inayojali itakuwa na jibu, na itamlipa wakala pia kwa mteja anayeendelea. Itamruhusu mama wa Mwaloni alipe kwa msimu, au itamuuzia bima ya muda isiyo na akiba, inayolipa tu mteja akifariki ndani ya muda huo, ambayo ada yake ni ndogo. Mpe meneja pendekezo hilo kwa maandishi. Akilipuuza, tafuta kwingine.

Bosi ananiagiza kwenye fomu ya mteja mwenye presha niandike hana ugonjwa wowote. (Msomaji, Sengerema)

Ondoka hapo. Mteja akifariki, kampuni hiyohiyo inaweza kukataa fidia kwa kuwa taarifa za afya hazikuwa za kweli, na mjane atabisha hodi kwako, bosi hatamjua. Kama kuna fomu ulizokwisha kujaza hivyo, wafuate wateja hao warekebishe taarifa zao kwa maandishi. Halafu peleka malalamiko TIRA.

Mteja wangu ameacha kulipa, nami nimekatwa kamisheni niliyokwisha kula. Ni haki? (Msomaji, Nansio)

Kama imo kwenye mkataba uliosaini, ndiyo. Mimi hata nakiunga mkono kipengele hicho kikiwa cha kiasi, kwani kinamzuia wakala kuuza ovyo. Angalia tu kinaishia baada ya miezi mingapi, na kama utadaiwa hata ukishaacha kazi.

Nitajuaje kwamba kampuni inalipa fidia kweli? (Msomaji, Buzuruga)

Mwambie meneja akueleze hatua kwa hatua: mfiwa akija na cheti cha kifo, nani hapa Mwanza anapokea makaratasi, yanakwenda wapi, na nani anampigia simu kumjulisha. Anayelipa fidia mara kwa mara hatababaika. Muulize pia familia isiporidhika inakwenda wapi; anapaswa kukutajia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima bila kusita. Na ada za wateja ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni. Ukiambiwa uzipokee kwenye simu yako kisha umtumie meneja, acha kazi hiyo siku hiyohiyo.