Ungekaa ukingoni, wangekujia

Mwanangu,

Nimezitazama picha ulizopiga Desemba hapa kwetu ghubani Mida, zote kumi na moja, kwa miwani na bila miwani. Unaniuliza mbona ndege wametoka nukta tupu, mbona ukiwasogelea wanaruka, na kama ununue lenzi kubwa zaidi. Usinunue. Hela hiyo mtumie dadako ya karo.

Kosa ni kwamba uliwafuata. Nilikuona kutoka mtumbwini, saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, unakokota miguu topeni na maji yamekupwa hadi mwisho. Saa hiyo ndege wametawanyika ghuba nzima, jua liko juu na tope linang'aa kama bati jipya.

Wewe ni mtoto wa mvuvi, hesabu maji. Siku za maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, hapa kwetu yanaanza kujaa alfajiri na kufika juu kwenye saa nne. Jua likichomoza ndege wanakula, na kadiri maji yanavyopanda wanasukumwa hatua kwa hatua kuelekea ukingoni. Uwe umeshakaa hapo kabla hawajafika, jua mgongoni, kimya. Mwaka juzi nilimpeleka mgeni mmoja, akatandika gunia akalala kifudifudi, kamera nusura iguse tope. Nilimcheka kimoyomoyo. Haikupita saa, vitwitwi wakawa wanampitia umbali wa kasia mbili! Akanionyesha: lenzi ilikuwa sawasawa na jicho la ndege, kwa hiyo maji ya nyuma yametoka rangi laini tu, na unyoya mmoja mmoja unahesabika. Kasi ya kamera aliweka 1/1600 ya sekunde, maana kichwa cha ndege anayekula hakitulii.

Ukitulia utajua wakati wa kubofya. Kitwitwi hukimbia, husimama, hudonoa, ngoja asimame. Sululu huzamisha mdomo wake uliopinda kwenye shimo la kaa, akimtoa humtikisa mpaka miguu ikatike, ndipo ammeze. Pale anapotikisa ndipo penye picha.

Wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama jambia ni wa kwetu na wa kwenu huko Uarabuni. Huzaliana huko pwani za Oman na Ghuba ya Uajemi, huchimba shimo mchangani wakataga yai moja jeupe, kisha huja huku kula kaa. Weupe wao huungua kwenye picha, kwa hiyo punguza mwanga kidogo. Ukipata likizo nenda Barr Al Hikman, ile rasi ya pwani ya Oman. Msimu wa baridi ndege wa pwani hukusanyika huko kwa malaki. Ila utumie jedwali la maji la huko, usipige hesabu ya Mida.

Machi na Aprili kaa mbali nao zaidi. Baadhi ya vitwitwi hao wanakwenda kutaga Siberia, na huo ndio wakati wa kujaza mafuta mwilini. Kila ukiwarusha unawalia chakula cha safari. Wakiacha kudonoa na kuinua vichwa wote kwa pamoja, ujue umeshasogea mno.

Picha ya tatu usiifute. Ndege hawaonekani kabisa, lakini mtumbwi wangu umo, na mamako anataka isafishwe kubwa aitundike sebuleni.

Babako