Je, kwenda kwa Kadhi wa serikali ni kuhukumiwa na taghuti?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Natoka Mumias, Kenya. Baba yetu alifariki miaka 6 iliyopita, akamwacha mama, wavulana wawili na wasichana watatu. Kitinda mimba wetu sasa ana miaka 13. Shamba la ekari 8 bado liko kwa jina la marehemu, na kaka mkubwa analima miwa na kuuza peke yake. Tukisema twende kwa Kadhi, anajibu kwamba Kadhi huyo ameajiriwa na serikali isiyohukumu kwa Qur'ani, na anayemwendea amehukumiwa na taghuti, yaani kinachotiiwa badala ya Mwenyezi Mungu. Naogopa kumkosea Mwenyezi Mungu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, binti yangu. Nenda kwa Kadhi. Huna dhambi, na hofu hiyo uliyo nayo, kaka yako ndiye angepaswa kuwa nayo.

Aya anayoishika kaka yako ni ya 60 katika Suratun-Nisaa. Aisome vizuri. Mwenyezi Mungu anawalaumu watu wanaodai wameamini, kisha wanakimbilia kwa taghuti ili waikwepe hukumu ya Mtume. Aya inayofuata inasema wakiitwa waje kwenye aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, wanageuka upande. Sasa katika nyumba yenu, ni nani anayeitwa kwenye mafungu ya mirathi yaliyowekwa na Qur'ani akageuka? Simwiti mnafiki, hayo ya moyoni si yangu. Lakini aya hiyo haimsaidii.

Ni kweli Kenya haina dini ya serikali, Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hivyo. Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 170, imeweka Mahakama ya Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Kadhi anateuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, lakini katika mirathi anahukumu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu. Je, uteuzi huo unabatilisha hukumu yake? Sisi huku wengi wetu ni Mashafii, na Izz bin Abdis-Salaam, imamu mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliliangalia jambo zito kuliko letu: makafiri wakiiteka nchi, kisha wakamteua kadhi anayesimamia maslahi ya Waislamu. Akaona hukumu za kadhi huyo zinapita, kwa sababu kuzikataa ni kuwaachia watu haki zao zipotee. Na Nabii Yusuf, alayhis-salaam, ndiye aliyemwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, ilhali mfalme yule hakuwa na dini yake.

Waislamu wa Mumias hawajapata kuishi chini ya khalifa. Uislamu ulifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kupitia wafanyabiashara Waswahili kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo wazee wetu wamefunga ndoa na kugawa mirathi chini ya tawala za wengine. Wangesubiri dola ya Kiislamu, nani angerithi?

Mafungu yenu ni mepesi. Ikiwa babu na bibi wazaa baba hawako hai, na mazishi, madeni na wasia vimekwisha tolewa, mama anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo ni ekari 1. Zinabaki 7: kila mvulana 2, kila msichana 1. Pesa za miwa za miaka 6 nazo ni za warithi wote kwa mafungu hayohayo, baada ya kuondoa gharama za kilimo. Humo mna haki ya mtoto aliyebaki yatima akiwa na miaka 7. Aya ya 10 ya Suratun-Nisaa inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Nikiisoma aya hii natetemeka, na namwombea kaka yako aisome.

Akikataa kufika kwa Kadhi, nendeni Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 1990, Sheria ya Urithi inataka mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, hata huko. Kwa hiyo kukataa kwake hakumpi kitu. Ila nawe usije ukashawishiwa kuficha Uislamu wa baba ili mgawiwe kwa sheria ya wasio Waislamu na upate sawa na kaka zako. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alisema anahukumu kwa anayoyasikia, na atakayempa mtu haki ya nduguye amempa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haihalalishi kisicho chako, muhuri wa korti hauwezi.

Anza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Kabla ya kufungua kesi, mpelekeeni kaka yenu imamu wa msikiti wenu na mjomba mmoja anayemheshimu, wamsomee aya hizo kwa upole. Mpeni mwezi mmoja. Ukipita, mama asimame nanyi mbele ya Kadhi, maana naye ana fungu lake.

Wallahu a'lam.