Kwa nini picha ya RAW inabadilika sura ukihama programu

Ndugu, kamera yako haina kasoro wala faili halijaharibika. Unasema RAW ile ile ya Nikon inang'aa kwenye NX Studio, programu ya Nikon yenyewe, lakini kwenye darktable, programu nyingine ya kuhariri RAW, imepooza. Ni kwa sababu RAW bado si picha, ni vipimo vya mwanga tu. Kila pikseli ya sensa imefunikwa na chujio la rangi moja: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu, mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak. Pikseli iliyopima kijani haijui lolote kuhusu nyekundu. Programu ndiyo inayokisia rangi zilizokosekana kwa kuangalia pikseli jirani, na kila moja ina hesabu zake.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye profaili ya rangi, yaani maelekezo ya jinsi rangi zitakavyoonyeshwa. NX Studio inafuata Picture Control, yaani mtindo wa picha uliouweka kwenye kamera, darktable haiufuati. Lightroom, programu ya Adobe, nayo huanza na profaili yake ya Adobe Color. Tazama hina mikononi mwa bibi harusi: huku kahawia iliyokolea, kule imeelekea rangi ya chungwa.

Na ile picha nzuri inayotokea kwa sekunde moja unapofungua faili kisha ikafifia? Hiyo ni JPEG, picha iliyokwisha kutengenezwa, ambayo kamera iliihifadhi ndani ya faili.

Ukitaka Lightroom ikaribie kamera, chagua profaili ya Camera Standard kabla ya kugusa kingine chochote. Mimi huiweka tangu naingiza picha, maana kurekebisha picha 600 za harusi moja moja ni mateso.